Kijana aliyekosa apewe kazi, alipe mwenyewe

Mbuzi akiibwa katika kijiji kama Mgori, mkoani Singida, mara nyingi wanaobeba gharama ni watu watatu, na hakuna hata mmoja kati yao aliyemwiba. Wa kwanza ni mwenye mbuzi, ambaye hulipa nauli kwenda mjini kutoa ushahidi, akarudi na habari ya hukumu huku zizi lake lina pengo lile lile. Wa pili ni baba wa kijana aliyeiba, ambaye huuza mbuzi wake mwenyewe, au magunia mawili ya alizeti, ili mwanawe asilale rumande. Wa tatu ni mlipa kodi, ambaye humlisha kijana huyo kwa siku zote atakazokuwa ndani. Kijana mwenyewe halipi kitu.

Mwenendo huu umezoeleka kiasi kwamba watu hawauulizi tena. Baba husema aibu imepita, hakimu hufunga jalada, na kijiji huendelea na palizi. Lakini deni lililo la kweli, yaani deni la kijana kwa jirani aliyemdhulumu, limebaki pale lilipokuwa siku ya wizi. Na kijana ambaye hajawahi kulipa deni la namna hiyo kwa jasho lake hana njia ya kutambua kwamba mbuzi mmoja ni miezi mingi ya kazi ya mtu mwingine: kuchunga, kupeleka kisimani wakati wa kiangazi, na kukesha usiku wa kuzaa.

Sheria za nchi hazikulisahau neno fidia. Kanuni ya Adhabu inaipa mahakama uwezo wa kumwamuru aliyepatikana na hatia amlipe fidia yule aliyeumizwa na kosa lake, ama juu ya adhabu nyingine ama badala yake. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya mwaka 1985 nayo inaitaja. Sheria ya Mtoto, Na. 21 ya mwaka 2009, imekwenda mbali zaidi: imekataza kumfunga gerezani mtoto, yaani mtu asiyetimiza miaka 18, imempa ofisa ustawi wa jamii nafasi katika kesi ya mtoto, na imeiruhusu mahakama kumwamuru mzazi alipe. Yote hayo ni mema. Lakini kuamuru fidia ni jambo moja, na kumwonyesha mtoto wa miaka 16 asiye na shilingi mahali pa kuipata ni jambo lingine. Amri isiyo na njia ya kutekelezwa humwangukia mzazi. Na kama mzazi ni mjane mwenye eka mbili za mtama, basi amri hiyo hubaki karatasi, na mwenye mbuzi huambiwa avumilie.

Wazee wa Kinyaturu, kama wafugaji wengine wengi wa nchi kavu za kati, waliwahi kuwa na jawabu lao. Kosa la mali lilimalizwa kwa mali. Ukoo wa mkosaji ulikutana na ukoo wa aliyekosewa, mifugo ikatoka zizi moja ikaingia zizi jingine, na ugomvi ukafungwa. Si vyema kuisifu mila hiyo kupita kiasi, kwa sababu aliyelipa ulikuwa ukoo, si mkosaji. Nguvu yake ilikuwa kwamba ukoo uliolipa ndio huo huo uliobaki na kijana nyumbani, ukamrudi, ukamfanyisha kazi mpaka mifugo iliyotoka ikaonekana imerudi. Siku hizi ukoo umetawanyika. Baba hulipa peke yake, na kijana hupanda basi la Singida, kisha la Dodoma au Dar es Salaam, akauza maji kandokando ya barabara, na somo lote likaishia njiani.

Mgori si mahali pa kutajwa kwa kubahatisha. Jina lake linajulikana na wataalamu wa misitu wa nchi nyingi, na sababu yake inahusu jambo hili hili la makosa na malipo. Msitu wa Mgori, wenye takriban hekta 40,000 za miombo, ulikuwa unakwisha mwanzoni mwa miaka ya 1990 kwa moto, ujangili, upasuaji wa mbao na mashamba ya kuhamahama. Serikali ilikuwa imekusudia kuufanya hifadhi yake. Badala yake, mwaka 1995, vijiji vitano vya jirani vilikubaliwa kuusimamia, kila kijiji na sehemu yake: Pohama, Ngimu, Unyampanda, Nduamughanga na Mughunga. Vijiji vilichora mipaka, vikatunga sheria ndogo, vikachagua kamati za misitu na kuweka vijana wa doria wasiokuwa na mshahara wa serikali. Aliyekamatwa akikata mti au akichoma msitu alipigwa faini na kijiji, na faini ikaingia katika mfuko wa kijiji. Mambo hayo, pamoja na yaliyofanyika Duru-Haitemba wilayani Babati tangu 1994, yalichangia mawazo yaliyoingia katika Sheria ya Misitu ya mwaka 2002, iliyotambua hifadhi za misitu za vijiji.

Jambo la kukumbukwa hapa ni kwamba vijiji hivyo, ambavyo wengi mjini wangedhani havina hata daftari, viliweza kutunga masharti, kuyasimamia, na kuandika nani kakosa na kalipa kiasi gani. Basi haiwezi kusemwa kwamba watu wa Mgori hawana uwezo wa kusimamia malipo ya mkosaji. Kilichokosekana katika utaratibu wa faini ndicho kinachokosekana mahakamani. Faini humpima mwenye fedha. Mfanyabiashara wa mbao kutoka mbali huilipa kama anavyolipa ushuru, kisha akarudi mwezi ujao. Kijana wa kijijini aliyetumwa na mfanyabiashara huyo hana cha kulipa, na faini yake hutoka katika zizi la baba.

Njia nyingine zilizopo zinafahamika kwa watumishi wa serikali, hata kama hazizungumzwi mara kwa mara. Shule ya maadilisho kwa Tanzania Bara iko Irambo, Mbeya. Mtoto wa Mgori akipelekwa huko, mama yake hataweza kumtembelea mara nyingi. Mahabusi za watoto zilizojulikana kwa miaka mingi ni za Dar es Salaam, Tanga, Moshi, Arusha na Mbeya, na katika orodha hiyo jina la Singida halimo. Mwaka 2011 Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora ilipokagua mahali wanapozuiliwa watoto, ilikuta watoto wamechanganywa na watu wazima. Kila mwalimu anajua mtoto wa miaka 15 hujifunza nini akilala mwezi mmoja karibu na mwizi wa kazi.

Ipo pia Sheria ya Huduma kwa Jamii ya mwaka 2002, ambayo wananchi wamezoea kuita matokeo yake kifungo cha nje. Mkosaji hafungwi, hufagia hospitali, hulima bustani ya shule, huzibua mitaro, wala halipwi. Sheria hiyo ni nzuri na imepunguza msongamano magerezani. Lakini na itazamwe kwa macho ya mwenye mbuzi. Yeye hupita njiani akamwona kijana aliyemwibia anafyeka uwanja wa zahanati. Zahanati imefaidika, serikali imefaidika, hata kijana amefaidika kwa kutofungwa. Mwenye mbuzi hakuambulia kitu. Haki ya namna hiyo inamlipa kila mtu isipokuwa aliyedaiwa kulipwa.

Wapo waliokwisha kuliona pengo hili mahali pengine. Mwaka 1975, katika mji wa Quincy karibu na Boston, Marekani, hakimu mmoja wa mahakama ya wilaya, Albert Kramer, alichoka kuamuru fidia ambazo vijana hawakuwa na uwezo wa kuzilipa. Aliwaendea wafanyabiashara wa mji wake akawaomba kazi za saa chache kwa vijana waliofikishwa mbele yake. Kijana alifanya kazi, akalipwa ujira wa kawaida, na sehemu ya ujira ikamwendea aliyemkosea mpaka deni likaisha. Mpango huo uliigwa na miji mingi, na tangu mwaka 1977 serikali ya nchi hiyo ilitoa fedha kwa mipango ya namna hiyo kwa vijana. Matokeo yake yalipimwa. Utafiti wa Anne Schneider, uliotolewa mwaka 1986, ulilinganisha vijana wa sehemu nne, wengine wamewekwa katika mipango ya kulipa fidia na wengine katika adhabu za kawaida. Katika baadhi ya sehemu waliolipa fidia walirudia makosa kwa uchache zaidi. Katika nyingine tofauti ya maana haikuonekana. Hiyo si dawa ya kila ugonjwa. Lakini ni vigumu kuitaja adhabu ya viboko au ya rumande ambayo, hata pale iliposhindwa kumbadili kijana, ilimrudishia mwenye mali fedha zake.

Bila shaka Mgori si Quincy. Hakuna maduka makubwa wala viwanda vya kumpa kijana saa tatu za kazi kila jioni. Iko kazi ya shamba. Mkoa wa Singida unajulikana kwa alizeti, vitunguu, asali na kuku, na mazao hayo yote yanataka mikono. Wakati wa palizi na wakati wa kuvuna, wakulima wenye mashamba makubwa kidogo hutafuta vibarua. Halmashauri nayo ina kazi zake za kulipia, kama kufyatua matofali ya madarasa, kuzibua makalvati na kutunza vitalu vya miche. Msitu una kazi ya kufyeka njia za kuzuia moto kabla ya kiangazi kukomaa. Kwa waliokwisha kutimiza miaka 18 zimekuwapo pia kazi za muda chini ya TASAF.

Na ichukuliwe mfano, kwa hesabu nyepesi tu. Kijana wa miaka 16 ameiba mbuzi ambaye thamani yake, tuseme, ni shilingi 60,000. Kibarua cha palizi ni shilingi 5,000 kwa siku. Ikiamuliwa kwamba shilingi 3,000 ziende kwa mwenye mbuzi na 2,000 zibaki kwa kijana, atahitaji siku 20. Kama yuko shuleni, hizo ni Jumamosi 20, yaani kama miezi mitano; akitumia na siku za likizo zitapungua. Miezi mitano ya kuamka alfajiri kwa ajili ya mbuzi aliyeliwa usiku mmoja ni mafunzo yasiyohitaji hotuba. Wengine watauliza kwa nini abakishiwe zile 2,000. Ni kwa sababu kijana anayeona ujira wote unapita mbele yake ataacha kazi wiki ya tatu, na deni litarudi kwa baba. Apate cha kununulia daftari na sabuni, naye aone kwamba kazi inaleta kitu ambacho wizi haukumletea.

Hoja nzito kuliko zote dhidi ya mpango huu haitatoka kwa mwanasheria. Itatoka kwa kijana mwaminifu. Yuko kijana aliyemaliza shule, hakuiba, hakukata mti wa kijiji, naye anazunguka kutafuta kibarua bila kukipata. Akisikia kwamba aliyeiba ametafutiwa kazi na ofisa, atauliza: je, nami niibe ndipo nipatiwe? Swali hilo lina haki ndani yake, na hakuna mtumishi anayeruhusiwa kulicheka. Jawabu lake ni kwamba anayetumikia deni hapewi ajira. Anapewa mahali pa kulipia, na mahali hapo humtoka siku deni linapoisha. Kwa sababu hiyo kazi zitakazotengwa ziwe chache, za muda, na kadiri iwezekanavyo ziwe zile ambazo kijiji kinazihitaji lakini hakijapata kuzifanya. Kumwondoa kibarua mwaminifu ili kumwingiza mwizi kutakuwa ni dhuluma ya pili. Hata hivyo ni lazima kukiri kwamba pale ambapo vijana wote hawana kazi, mpango huu utabanwa. Hauwezi kuwa mkubwa kuliko kazi iliyopo, na wilaya itakayotangaza kwamba imewaweka mamia ya vijana katika mpango huo ndani ya mwaka mmoja itiliwe mashaka.

Hoja ya pili ni ya umri, na hapa sheria imekwisha kusema. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 pamoja na Sheria ya Mtoto haziruhusu mtoto aliye chini ya miaka 14 kuajiriwa. Aliyefikia umri huo anaruhusiwa kazi nyepesi tu, isiyomdhuru wala kumzuia kusoma. Kwa hiyo kinu cha kukamua alizeti, chenye mikanda inayozunguka, si mahali pake. Kunyunyizia dawa za kuua wadudu katika vitunguu si kazi yake, wala machimbo ya dhahabu yanayowavuta vijana wengi mkoani. Mtoto wa miaka 12 aliyeiba kuku asiingizwe katika mpango huu hata kidogo. Huyo ana mzazi, ana mwalimu, na kuku analipika.

Hatari kubwa zaidi ni ya mpango kuvamiwa na wakubwa. Wananchi wa umri wa kati na wazee wanaikumbuka Sheria ya Nguvu Kazi ya mwaka 1983. Nia iliyotangazwa ilikuwa kwamba kila mwenye nguvu afanye kazi. Vijana wa mijini walikusanywa, wakapakiwa katika malori, wakashushwa vijijini. Wengi walirudi mjini kabla lori halijapoa. Kazi iliyolazimishwa bila ujira, bila deni linaloeleweka na bila mwisho unaojulikana, haikumfunza mtu chochote isipokuwa kujificha. Mpango wa fidia utageuka kuwa mambo yale yale siku kijana atakapoonekana analima shamba la mtendaji, au la hakimu, au la mwenyekiti wa kijiji, ati analipa deni. Jambo hilo linawezekana sana, na anayelikataa hajakaa kijijini. Dawa yake ni daftari. Iandikwe ni deni la nani kwa nani, ni kiasi gani, ujira wa siku ni kiasi gani, na lini litaisha. Mwenye mali atie saini kila apokeapo. Kiongozi yeyote anayesimamia mpango asiruhusiwe kumtumia kijana wa mpango katika mali yake, hata kwa malipo.

Na yapo makosa ambayo hayafai kuguswa na utaratibu huu kabisa. Katika sehemu nyingi za vijijini bado wapo wazee wanaomaliza kesi ya kubakwa kwa binti kwa mbuzi wawili na pombe, baba akapokea, binti akanyamaza. Sheria ya mwaka 1998 ya makosa ya kujamiiana ilitungwa kwa sababu uovu huo haulipiki. Ikiwa mpango wa fidia utafungua mlango wa suluhu za namna hiyo, ni heri usianzishwe. Uwe wa makosa ya mali tu: wizi mdogo, uharibifu wa mazao, kukata miti, kuvunja vioo vya shule.

Kazi ya kuusimamia itawaangukia watu ambao tayari wana mizigo. Ofisa ustawi wa jamii wa wilaya hawezi kufika kila kata kila wiki. Lakini kata ina ofisa mtendaji, wengi wana ofisa maendeleo ya jamii, na Mabaraza ya Kata yaliundwa kwa sheria ya mwaka 1985 ili kusuluhisha. Baraza likae na mwenye mali, mzazi na kijana mwenyewe, wakubaliane thamani. Mahakama ya watoto, inayoongozwa na hakimu mkazi, ndiyo iyape makubaliano hayo nguvu pale kesi inapokuwa imefika kwake, maana baraza halina mamlaka ya kumwadhibu mtoto kwa kisingizio cha suluhu. Kijana akubali kwa hiari. Akikataa, sheria iendelee kwa njia yake ya kawaida.

Mwalimu ana sehemu ambayo hakuna mwingine awezaye kuishika. Yeye ndiye anayejua kama Jumamosi ya kazi imemfanya mwanafunzi asinzie Jumatatu, na neno lake litoshe kupunguza saa. Yeye pia ndiye anayeweza kuuharibu mpango wote kwa dakika moja, kwa kumsimamisha kijana mbele ya mstari asubuhi na kumtangaza mwizi. Kijana aliyetangazwa hivyo ataacha shule, na akishaacha shule ataacha na deni. Mwanafunzi anayelipa alichoiba anafanya jambo ambalo watu wazima wengi waliofuja mali za vyama vya ushirika na vijiji hawakulifanya. Anastahili kuachwa alipe kwa utulivu.

Halmashauri ya Wilaya ya Singida haihitaji kungoja sheria mpya wala mfadhili. Mvua zikianza, na kabla ya palizi ya Januari, ofisa mtendaji wa Kata ya Mgori aweza kukaa na wakulima wanaotafuta vibarua kila mwaka na kuandika wangapi watakubali kumchukua kijana mmoja kwa siku 20, kwa ujira ule ule wanaowalipa wengine. Kama watakuwa watano, basi huo ni mpango wa vijana watano. Orodha hiyo ipelekwe kwa hakimu na kwa ofisa ustawi wa jamii mjini Singida, ili siku kijana wa Mgori atakapofikishwa mbele yao kwa mbuzi aliyemwiba, wawe na mahali pa kumpeleka.